"Limetunzwa Vizuri": Je, Muuzaji Amemaliza Deni Lake?



Usiku mmoja baada ya swala ya Isha tulikuwa watano chumbani kwetu hosteli, hapa Kampala, tumeizunguka simu moja. Ndugu mmoja alikuwa amepata picha za gari linalouzwa Marekani: Mercedes-Benz 560SL ya mwaka 1987. Ni gari la watu wawili, viti vya ngozi, injini ya lita 5.5 yenye silinda nane, na paa la turubai linalokunjwa kwa mkono na kufichwa nyuma ya viti. Lina umri wa kutuzidi sote mle chumbani, lakini rangi yake inang'aa. Maelezo ya mwenyewe yalikuwa mafupi: limetunzwa vizuri, linauzwa kama lilivyo.

Kama ilivyo kawaida yetu, mjadala ulianzia kwenye israfu. Mmoja akasema gari la namna hiyo ni kiburi cha matajiri. Mwingine akamjibu kwamba Allah hakuharamisha mapambo kwa waja wake, alichoharamisha ni kuvuka mpaka. Mjadala huo haukufika mbali, maana hakuna kati yetu mwenye hata pesa ya pikipiki, na tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda inazuia kuingiza nchini magari yaliyotengenezwa miaka 15 au zaidi iliyopita.

Ndipo ndugu yetu anayesoma uhandisi akauliza swali lililoninyima usingizi: "Limetunzwa vizuri, sawa. Lakini kutu iko wapi?"

Akatueleza. Magari ya aina hii yalitengenezwa Ujerumani kuanzia mwaka 1971 hadi 1989, na wanaoyajua wanajua pia ugonjwa wao. Maji hupenya chini ya kioo cha mbele na kutuama kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Bati huliwa polepole, mahali ambapo hakuna jicho linalofika. Kulitengeneza kunataka kung'oa kioo na dashibodi nzima, na gharama yake inaweza kuwa kubwa mno. Gari linaweza kung'aa nje huku ndani linaoza, na mwenye gari akawa anajua, kwa sababu fundi wake alishamwambia.

Sheria haimbani sana mtu huyo. Kwa mfano, sheria ya shirikisho ya Marekani inakataza kuchezea mita ya kilomita, lakini haimlazimishi tena muuzaji wa gari la mwaka 2010 au la kabla ya hapo kuthibitisha kwa maandishi gari limetembea umbali gani. Na maneno "linauzwa kama lilivyo" humwambia mnunuzi: kagua mwenyewe, ukishalipa usinirudie. Hakuna uongo hapo. Basi swali langu ni hili: ikiwa muuzaji hakusema neno hata moja la uongo, je, amemaliza deni lake mbele ya Allah?

Fiqhi yetu ililijadili jambo hili kabla magari hayajakuwepo. Sote tunakumbuka kisa cha lundo la nafaka sokoni Madina. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani akakuta unyevu. Mwenye nafaka alijitetea kwamba ni mvua. Tuangalie vizuri: mtu yule hakuwa ametamka kwamba nafaka yake ni kavu. Alichofanya ni kuacha kavu ikae juu. Hata hivyo aliulizwa kwa nini hakuiweka ile mbichi juu watu waione, na kitendo chake kikaitwa udanganyifu. Vilevile Mtume (s.a.w.) alikataza kumwacha mnyama bila kukamuliwa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Maziwa yale ni ya kweli na kiwele ni cha kweli, ila sura yake imepangwa ili idanganye. Rangi mpya juu ya kutu haina tofauti na kiwele hicho.

Je, sharti la "kama lilivyo"? Wanazuoni waliliita kuuza kwa bara'a, yaani muuzaji kujivua dhamana ya aibu za bidhaa, na wamekhitalifiana: Wahanafi wamelipa nafasi pana, wengine wamelibana. Lakini katika Muwatta ya Imam Malik kuna kisa kinachonitosha. Abdullah bin Umar (r.a.) aliuza mtumwa kwa dirham 800 kwa sharti hilo la kutodaiwa aibu. Mnunuzi akalalamika kwamba mtumwa ana ugonjwa ambao hakuelezwa. Kesi ikafika kwa Khalifa Uthman (r.a.), naye akaamua kwamba Ibn Umar aape kuwa alimuuza bila kujua ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamrudisha mtumwa wake. Baadaye mtumwa akapona, akauzwa kwa dirham 1,500.

Leo tunakisoma kisa hiki tukijua kuwa anayeuzwa ni binadamu, na moyo unauma. Lakini tazama hukumu ilivyopita. Uthman hakuuliza kama sharti lilitajwa. Aliuliza: ulijua au hukujua? Ikiwa hukujua, sharti linakulinda. Ikiwa ulijua, ujuzi huo ni amana ya mnunuzi iliyo mikononi mwako, na huwezi kuifuta kwa maneno matatu ya mkataba.

Wapo watakaosema: mnunuzi ni mtu mzima, alete fundi wake. Ni kweli anapaswa kukagua, na mkwaruzo ulio wazi machoni si lazima uhutubiwe. Wala muuzaji halazimiki kutaja kila kasoro anayoihisi tu. Lakini uzembe wa mnunuzi haugeuzi kuficha kwangu kuwa halali. Nafaka ile nayo ilikuwa sokoni mchana kweupe, na kila mpita njia angeweza kuingiza mkono.

Na deni hili si la muuzaji peke yake. Imepokewa kwamba Wathila bin al-Asqa' (r.a.) alimwona mtu ametoka kununua ngamia, akamfuata na kumuuliza kama anamtaka kwa nyama au kwa safari. Aliposema safari, Wathila akamwambia kwato zake zina tundu, hatafika mbali. Muuzaji akalalamika kwamba ameharibiwa biashara yake. Wathila hakuwa na hisa katika biashara ile. Alijua tu, na kujua kukamlazimu kusema.

Kisa hiki kinanichoma, na nitasema kwa nini. Likizo iliyopita nilifanya kibarua cha kuosha magari katika yadi moja. Nilimwona kwa macho yangu fundi akirudisha mita ya gari moja, kutoka kilomita 190,000 na kitu hadi 87,000. Wiki iliyofuata akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi na mkewe. Aliniona nimevaa kofia, akanivuta pembeni: "Mwanangu, wewe ni Muislamu mwenzangu. Gari hili ni zima?" Nikamjibu: "Mzee, muulize bosi, mimi naosha tu."

Nilikuwa naosha tu kweli. Sikusema uongo. Mwalimu akalipa, akaondoka.

Miezi miwili baadaye nilimkuta msikitini baada ya Ijumaa. Gari lilikuwa limeshakula mshahara wake. Nikamweleza niliyoyaona. Alinyamaza, kisha akaniuliza: "Na siku ile ulikuwa unajua?" Nikasema, ndiyo, mzee. Aliitikia kwa kichwa, akachukua viatu vyake. Ningefarijika kama angenikaripia.

Swali lake ndilo lile lile la Uthman. Nadhani ndilo tutakaloulizwa sote, iwe tunauza 560SL kule Marekani, simu ya mkono wa pili hapa hosteli, au tunaosha tu.

Basi ndugu zangu, tukiuza tuiweke juu ile nafaka mbichi. Tukiwa mashahidi, tuseme kabla pesa haijabadilisha mikono, hata kama kibarua kitaondoka. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba wauzianao wakisema kweli na kubainisha hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya baraka hufutwa. Allah atusamehe tulipokaa kimya, na atupe ujasiri wa kusema. Amin.