Hatia ya Jaruba

Msomaji, ukipata kupita Mwea, katika Kirinyaga, wakati wa kupandikiza miche, utaona majaruba yaliyojaa maji yakimetameta kama vioo, na watu wameinama kazini. Hutaona ubaya wowote. Mashamba hayo yalianzishwa katika miaka ya 1950, na mifereji yake ya kwanza ilichimbwa na watu waliowekwa kizuizini wakati wa Hali ya Hatari. Leo sehemu kubwa ya mpunga ulimwao Kenya hutoka huko.

Lakini udongo ule hupumua. Vijidudu wasioonekana kwa macho hula mizizi iliyokufa na mabua yaliyooza, wakatoa hewa ukaa, kama uitoavyo wewe usomapo maneno haya. Maji yakitanda kwa majuma mengi, oksijeni haifiki chini, na vijidudu wa namna nyingine hushika kazi. Hao hutoa methani, ambayo kilo yake moja huitia dunia joto kadiri ya mara 28 kuliko kilo ya hewa ukaa, ikipimwa kwa muda wa miaka 100.

Je, mkulima ana hatia? Wako wasemao hana, kwa kuwa hakukusudia. Jibu hilo ni jepesi mno. Mtu achomaye majani shambani mwake hakusudii kumwunguza jirani. Lakini akiambiwa kuwa upepo umegeuka, naye asiuzime moto, ni nani atakayemtetea?

Basi na tuseme mkulima amekwisha kuambiwa. Aweza kuyaondoa maji kwa siku chache, jaruba likauke kiasi, kisha ayarudishe. Methani hupungua sana. Lakini udongo ukipata hewa, uozaji huenda mbio, na hewa ukaa huzidi kutoka. Amekimbia ubaya mmoja, akakutana na mwingine! Hata hivyo naona ni heri huu wa pili. Sehemu kubwa ya hewa ukaa hiyo ilivutwa na mimea kutoka angani misimu michache tu iliyopita, nayo yarudi ilikotoka. Ile ya makaa ya mawe ilikuwa imezikwa kwa mamilioni ya miaka. Ila mkulima akikausha mno, wala asirudishe mabua shambani, udongo utakula akiba yake ya kale, na hilo ni deni lisilolipika upesi.

Ni rahisi kwangu mwenye kalamu kumwambia afungue maji yaende. Yeye huyapata kwa zamu. Akiyamwaga, na zamu ikachelewa, mpunga utasinyaa na karo ya watoto itakosekana.

Niliwauliza wanachuo wangu juu ya jambo hili. Karibu wote walisema mkulima hana budi kubadili desturi yake. Nikawauliza tena ni nani kati yao angekubali kuongeza bei sokoni kwa kilo ya mchele uliolimwa hivyo, ili mkulima asipate hasara peke yake. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa mitatu.