Angegeuza Gari

Desemba 2017, mwigizaji Felicity Huffman alikuwa akimpeleka bintiye kufanya mtihani huko Los Angeles. Mtihani wenyewe ni SAT, ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani huutazama kabla ya kumpokea mwanafunzi. Binti alikuwa na wasiwasi. Njiani akauliza kama wangepitia kula aiskrimu wakimaliza. Baadaye mama alieleza mahakamani kwamba wakati ule moyo ulikuwa ukimwambia: geuza gari. Hakugeuza.

Alijua jambo ambalo mtoto hakulijua. Binti akishaondoka, kuna mtu angekaa na karatasi yake na kuyarekebisha majibu. Mpango huo aliuuza Rick Singer, mshauri wa wazazi wanaotafuta nafasi vyuoni, kwa dola 15,000. Matokeo yalikuja 1420 kati ya 1600, takriban alama 400 zaidi ya zile za mtihani wake wa majaribio.

Mimi nami ni mzazi, na siwezi kuapa kwamba ningekuwa imara kuliko yeye. Singer hakuanza na wizi. Alianza na ushauri wa kawaida, kisha akaleta hofu: hesabu za mtoto ni dhaifu, vyuo havitamtazama. Hofu hiyo haikuwa ya uongo mtupu, maana mwaka huo vyuo vikuu vya Harvard na Stanford vilipokea waombaji wasiofika 6 katika kila 100. Lakini mtu anayekutisha halafu papo hapo akakuuzia dawa, tumwogope.

Dalili nyingine zilikuwa wazi. Malipo yaliandikwa kuwa mchango wa hisani. Tangu lini ada halali ikajificha ndani ya sadaka? Shule ya binti ilipotaka kuweka msimamizi wake wa mtihani, mtihani ukahamishiwa kituo kingine. Hapo mtu angesimama. Na iliyozidi zote ni kwamba mtoto mwenyewe alifichwa. Wazazi wenzangu, msaada ambao hatuthubutu kumweleza mtoto tunayemsaidia tuukatae siku ileile, kabla hatujalipa hata shilingi.

Machi 2019 waendesha mashtaka wa Boston walitangaza kesi ya watu 50, wengi wao wazazi. Huffman alikiri kosa. Alihukumiwa siku 14 jela, faini ya dola 30,000 na saa 250 za kazi za kijamii. Singer alipewa miaka mitatu na nusu, Januari 2023.

Kabla ya hukumu, Huffman alimwandikia hakimu barua. Alisimulia kwamba binti yake, alipoujua ukweli, alimwuliza huku akilia kwa nini hakuamini kwamba angeweza mwenyewe. Mama aliandika kwamba hakuwa na jibu la kumtosha.