Niseme Lipi, Ustadh?



Ndugu zangu waumini, na mama zangu mlio upande wa pili wa pazia. Juzi baada ya Alasiri mtoto mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka madrasa. Begi lake lilikuwa kubwa kuliko la shule, kwa kuwa wikendi ile ilikuwa ya baba, na baba anakaa Kitengela. Alikuwa akizungusha kamba ya begi kidoleni, hanitazami. "Ustadh, mama amesema yule wa ofisi ya watoto akija niseme baba hanipikii. Baba naye amesema niseme mama huniacha peke yangu usiku. Niseme lipi?" Kisha akaongeza polepole: "Na baba hunipikia."

Nimegeuza mawili matatu ili asijulikane. Msimtafute.

Hapa Rongai wako kati yetu wenye kesi za watoto, wengine mahakama ya Ngong, wengine ya Kajiado. Hakimu hajawahi kuingia nyumbani kwako. Ndiyo maana humtuma afisa wa watoto aangalie mtoto analala wapi, anaendaje shule, na azungumze naye. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na kifungu cha 53 cha Katiba kimewabebesha malezi baba na mama kwa pamoja, wawe wameoana au la. Ripoti ile ndiyo macho ya hakimu. Ukimfundisha mtoto uongo, umempofua hakimu, na mtoto umemzoesha dhambi kabla hajabaleghe.

Faili huweza pia kupelekwa kwenye upatanishi. Mpango huo ulianza Milimani, Nairobi, Aprili 2016, kwa kesi za familia na za biashara, kisha ukaenea. Mpatanishi hahukumu. Mnayoyasema mbele yake hayageuzwi ushahidi, na mkikubaliana, mahakama huyapokea yakawa amri. Ndugu wengine huniambia hayo ni mambo ya serikali. Basi wasome Surat an-Nisaa, aya ya 35: Mola ameamuru mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke, na taufiki akaifunga kwenye nia ya kutaka suluhu. Sisi tunamtuma mjomba anayejua kugomba, akirudi mikono mitupu tunasema imeshindikana.

Sikilizeni habari ya binti wa Hamza, ambaye baba yake aliuawa Uhud. Mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume alipokuwa akitoka Makka, msichana yule alimfuata akimwita ami, ami. Ali akamshika mkono. Wakamgombania watatu: Ali, Jaafar na Zaid. Kila mmoja alitaja undugu wake. Ali na Jaafar ni watoto wa ami yake, tena mke wa Jaafar ni dada wa mama yake. Zaid aliunganishwa undugu na Hamza. Hakuna aliyesema mwenzake hafai. Mtume akamkabidhi msichana kwa mama yake mdogo, kwa kuwa huyo yuko mahali pa mama. Kisha hakuwaacha hivyo: kila mmoja wa wale watatu alimpa neno la heshima, na wawili kati yao walikuwa wamekosa walichokitaka.

Wewe unayekwenda mahakamani Jumatatu, unaweza kusema mbele ya mpatanishi kwamba baba yake humpeleka hospitali akiugua? Kwamba mama yake humwamsha asikose shule? Haki yako haipungui kwa hilo. Lakini kama kuna kupigwa, kama mtoto ana alama mwilini, sema waziwazi, na mzee yeyote asikwambie ustahimili kwa ajili ya suluhu.

Mtoto yule nilimwambia aseme alichokiona kwa macho yake, na akichoka kuulizwa aseme amechoka. Akaniuliza: "Mama hatanikasirikia?" Sikuweza kumjibu. Jibu liko kwenu.

Baada ya swala nitakuwa kwenye ngazi za madrasa. Mwenye kesi na aje na karatasi zake, na kama mwenzake yupo hapa leo, waje pamoja. Mtoto abaki uwanjani acheze.