Kasri la Nyasi na Maana ya Kudumu

Kasri ni makao ya mtawala, lakini si kila nyumba anamolala mtawala ni kasri. Ili iwe kasri, ni lazima watu waitambue kuwa kiti cha mamlaka na kumbukumbu yao. Hapo ndipo linapozuka swali la kudumu: kasri hubaki lile lile kwa sababu ya kuta zake, au kwa sababu ya yale yanayotendwa na watu wake? Historia ya makasri ya ufalme wa Buganda, jijini Kampala, Uganda, inalipima swali hili kwa pande zote mbili.

Zamani Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, aliyetawazwa upya hakuhamia tu katika nyumba ya baba yake. Alijenga lubiri yake, yaani kasri lake, mara nyingi juu ya kilima kingine. Mutesa I alijenga lubiri yake kwenye kilima cha Kasubi mwaka 1882. Alipofariki mwaka 1884 alizikwa huko, na makao yake yakageuka kaburi. Mwanawe, Mwanga II, akajenga lubiri ya Mengo mwaka 1885. Kiti kilihama kilima, ila ufalme ulibaki mmoja.

Jaribio la kwanza lilikuja tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali ya Uganda chini ya Milton Obote lilipoishambulia Mengo. Kabaka wa wakati huo, Edward Mutesa II, alikimbilia Uingereza, akafia London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zilifutwa, na lubiri ikawa kambi ya jeshi. Katika enzi ya Idi Amin, watu walifungwa na kuuawa katika vyumba vilivyochimbwa humo. Ukuta wa nje ulisimama, kilima hakikusogea, lakini kasri halikuwapo. Kumbe kuta pekee hazitoshi.

Jaribio la pili lilikuja Kasubi usiku wa tarehe 16 Machi 2010, moto ulipoteketeza Muzibu Azaala Mpanga, nyumba kuu ya makaburi ya Makabaka wanne. Paa la nyasi lilianguka, ila Kasubi haikukoma kuwa Kasubi. Waganda walikusanyika kuomboleza, kisha kazi ya kujenga upya ikaanza. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kumbe kuta zinaweza kutoweka na kasri likabaki.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba kilichojengwa upya ni mfano tu, wala si kile cha awali. Lakini hata nyumba iliyoungua haikuwa ile ya 1882 tupu: nyasi zake zilibadilishwa mara nyingi, na katika miaka ya 1930 iliongezewa nguzo za zege. Kisichobadilika ni mpango wa kazi. Kuezeka ni wajibu wa ukoo wa Ngeye, na pete 52 za paa huwakilisha koo 52 za Buganda.

Kikuubo, uchochoro wa maduka ya jumla katikati ya Kampala, unatoa mfano wa karibu wa kitu kinachodumu kwa kubadilika. Jina lenyewe kwa Kiganda lina maana ya njia nyembamba. Sukari, sabuni na mafuta ya kupikia huingia na kutoka kutwa nzima mabegani mwa wachukuzi. Shehena ya leo si ya jana, lakini duka ni lile lile. Mali ikiacha kuzunguka, duka limekufa ingawa rafu zimejaa. Tofauti ni kwamba duka huendeshwa na faida, na kasri huendeshwa na wajibu.

Mfano wa kinyume upo Georgia, katika eneo la Kaukazi. Karibu na mji wa Kutaisi yapo magofu ya Geguti, kasri la wafalme wa zama za kati. Mawe yake yamevumilia karne nyingi, lakini hakuna mfalme wala mtumishi wa kulihuisha. Geguti ni ushahidi wa kasri lililokuwapo.

Basi jiwe hudumu kwa kukataa kubadilika, na nyasi hudumu kwa kubadilishwa na mikono inayojua kazi yake. Kinachostahili kulindwa kwanza Kasubi ni ujuzi wa waezekaji na utayari wa vijana kuupokea. Ujuzi huo ukipotea, hata paa lisiloungua litakuwa gofu.