Nusu Shari Machoni

Matone ya glakoma, ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho, hushusha shinikizo ndani ya jicho ili neva ya kuonea isizidi kuharibika. Baadhi yake huacha alama nje ya jicho. Latanoprosti na bimatoprosti huweza kuitia weusi ngozi ya kope na kurefusha nywele zake. Brimonidini na dorzolamidi huweza kuleta mzio, kope zikavimba, zikawasha na kuchubuka. Hapo huzuka swali: madhara ya dawa ni nini hasa?

Jibu jepesi ni kwamba madhara yamo ndani ya dawa yenyewe. Lakini mwaka 2008 Marekani iliidhinisha bimatoprosti ipakwe kwenye kope zenye nywele haba ili zikue. Mwaka 2013 ikaidhinisha jeli ya brimonidini ya kupunguza wekundu wa uso. Dawa ni ileile. Kilichobadilika ni kusudio.

Mwanateolojia Thomas Aquinas, akijadili kujilinda katika karne ya 13, alieleza kuwa tendo moja laweza kuzaa matokeo mawili, moja likikusudiwa na jingine likiwa nje ya nia. Hata hivyo, nia njema peke yake haitoshi: tendo lisipite kiasi kinachohitajika. Wanafikihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, nao wana kanuni kwamba madhara mawili yakikutana, huchukuliwa yaliyo mepesi. Waswahili husema nusu shari kuliko shari kamili.

Ugumu uko kwenye mizani. Glakoma iliyo ya kawaida zaidi haiumi mwanzoni. Humega uoni pembeni kimyakimya. Mgonjwa akijitazama kwenye kioo huona duara jeusi chini ya jicho, lakini haoni kile asichokiona tena. Shari ndogo iko usoni, kubwa imejificha. Tena weusi wa ngozi kwa kawaida hufifia dawa ikiachwa, ilhali uoni uliopotea haurudi.

Hata hivyo uso ni wa mgonjwa, na daktari hawezi kuupima uzito wa alama hizo peke yake. Ili kuzipunguza, tone lililochuruzika shavuni hufutwa mara moja kwa kitambaa safi. Kope zikiwasha au kuvimba, daktari huambiwa, kwani dawa nyingine zipo. Anayeacha matone kimya hajachagua nusu shari. Amechukua shari kamili.