Ushahidi wa Taa ya Injini

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, wala hawakusema kwamba mawingu ndiyo mvua. Tofauti hiyo kati ya dalili na jambo lenyewe ni swali kongwe la falsafa, na mahali pazuri pa kulipima ni chini ya boneti ya Toyota nyingi za petroli za mwanzoni mwa miaka ya 1990. Humo mna kisanduku kidogo cha plastiki chenye matundu, na mawili kati yake huitwa TE1 na E1. Ukiyaunganisha kwa waya, kisha ukazungusha ufunguo bila kuwasha injini, taa ya injini kwenye dashibodi huanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, kompyuta ya injini haina hitilafu iliyohifadhi. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, kisha ikapepesa mara tano, hiyo ni namba 25. Mwenye gari aweza kuvuta nyaya mbili hadi ndani, akafunga swichi ndogo, akawa anauliza akiwa kitini.

Lakini akishajibiwa, amejua nini? Namba 25 husema kwamba, kwa kipimo cha sensa ya oksijeni, injini inapata hewa nyingi mno ikilinganishwa na mafuta. Haisemi kwa nini. Huenda mpira wa hewa umepasuka, pampu ya mafuta imechoka, nozeli zimeziba, au sensa yenyewe imekufa. Anayekimbilia kununua sensa kwa kuwa ndiyo iliyosema, huenda anamwadhibu shahidi na kumwacha mkosaji. Ndiyo maana nashikilia kwamba namba hiyo ni ushahidi, si hukumu. Kazi yake ni kupunguza maswali, na ujuzi huanza pale tunapoendelea kuuliza: kukagua mipira, kupima presha ya mafuta, kuifuata hitilafu hadi chanzo chake.

Yupo atakayesema kazi hii aachiwe fundi, kwa kuwa ujuzi nusu huharibu. Hoja hiyo ina uzito. Waya ukichomekwa tundu lisilo lake unaweza kuunguza fyuzi. Tena, kwenye injini nyingi za aina hii, TE1 na E1 zikiwa zimeunganishwa kompyuta huacha kurekebisha taimingi ya cheche, na mafundi huitumia hali hiyo kuseti taimingi. Kwa hiyo kuuliza kwenyewe hubadilisha tabia ya kinachoulizwa, na swichi lazima izimwe kabla ya safari. Hata hivyo, hatari hizo zinadai uangalifu, hazihalalishi ujinga. Anayemwendea fundi akiwa na namba mkononi anaweza kuuliza na kuelewa anacholipia.

Mwingine atasema vifaa vipya vimemaliza mjadala. Ni kweli kwamba magari ya abiria yanayouzwa Marekani yalilazimika kuwa na mfumo wa kutambua hitilafu uitwao OBD-II kuanzia toleo la 1996, na kifaa cha kusomea huonyesha maelezo kwa maneno. Lakini P0171, mojawapo ya namba za mfumo huo, nayo husema tu kwamba mchanganyiko una mafuta pungufu. Maneno yameongezeka, umbali kati ya dalili na chanzo ni uleule.

Basi funga swichi yako, hesabu mipepeso, andika namba. Kisha, kabla hujanunua spea yoyote, tafuta kilichoifanya taa iseme.