Wajibu wa Jicho

Magonjwa mengi humwua mtu kwa siri. Ini huharibika ndani ya mbavu, wala mke alalaye kitanda kimoja na mgonjwa hana habari. Moyo husimama ghafula, na majirani wakabaki kushangaa. Saratani ya ngozi haina siri hiyo. Aghalabu huanza mahali pa wazi, juu ya sikio, shavuni, mdomoni, shingoni au mgongoni mwa mkono. Hukua mbele ya watu, na kama itaua, basi imeua hadharani. Kwa hiyo swali la ugonjwa huu si la madaktari peke yao. Ni swali la kila aliyejaliwa macho: je, kuona kwamtwika mtu wajibu? Mtu akiona kidonda juu ya ngozi ya mwenziwe, kidonda kisichopona mwezi hata mwezi, kisha akapita na safari yake, ametenda kosa, au hakutenda lolote?

Swali hili lina uzito wa pekee Mwanza na katika nchi izungukayo Ziwa Viktoria. Mji uko karibu nyuzi mbili na nusu kusini mwa ikweta, na uso wa ziwa wenyewe umeinuka mita 1,134 hivi juu ya bahari, hata jua la huko ni kali ingawa upepo wa maji humdanganya mtu kuwa kuna baridi. Katika nchi hiyo wako watu wengi wenye ualbino. Hesabu itajwayo sana, iliyotolewa mwaka 1985, yasema kuwa katika Tanzania mtu mmoja kati ya 1,400 huzaliwa na hali hiyo, ilhali Ulaya ni mmoja katika maelfu mengi zaidi. Hakuna muujiza ndani yake. Baba na mama, wote wawili weusi, huchukua katika damu yao urithi uliofichika. Mtoto akipata fungu la baba na fungu la mama pamoja, mwili wake hushindwa kutengeneza rangi ya kutosha. Rangi hiyo ndiyo mwavuli wa ngozi. Asiyekuwa nayo hutembea juani bila mwavuli tangu siku ya kwanza ya kubebwa mgongoni.

Katika hospitali ya Bugando, iliyojengwa juu ya kilima na kutazama mji mzima, madaktari walikusanya habari za wagonjwa 64 wenye ualbino waliotibiwa saratani ya ngozi kati ya mwaka 2001 na 2010, wakazichapisha mwaka 2012. Robo tatu walikuwa na saratani ya seli bapa za juu ya ngozi, na wengi sana walikuwa nayo kichwani na shingoni. Umri wa katikati ulikuwa miaka 30: yaani nusu yao walikuwa hawajapita umri ambao mtu hujenga nyumba na kulea watoto. Lakini hesabu inichomayo moyo kuliko zote ni nyingine. Muda wa katikati wa kuugua kabla ya kufika hospitali ulikuwa miezi 24.

Miezi 24 ni Ijumaa mia na zaidi, na Jumapili mia na zaidi. Kidonda kile kilihudhuria ibada, kilisimama foleni ya maji, kilinunua dagaa katika soko la Mwaloni Kirumba, kilipanda meli iendayo Nansio kikakaa benchi moja na abiria wengine. Macho mangapi yalikiona? Mimi naona si haki kusema kuwa mgonjwa huyu alichelewa. Yeye ni mmoja tu katika kundi kubwa la waliochelewa.

Wala haiwezekani kusema kuwa watu hawakuitazama ngozi hiyo. Hakuna ngozi itazamwayo zaidi. Mwenye ualbino hutazamwa sokoni na njiani tangu utoto; hata jina alilopewa zamani, zeruzeru, ni jina la kumtazama mtu kama kioja, na ni vema likazikwa. Ajabu ya mambo ni kuwa ngozi itazamwayo kuliko zote ndiyo ichunguzwayo kwa uchache kuliko zote. Jicho lilikuwa wazi, bali lilikuwa likitafuta kitu kingine. Lilitafuta ishara. Kuanzia mwaka 2007 na 2008 dunia nzima ilisikia habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake, kwa kuwa wapiga ramli waliwaambia wavuvi na wachimba madini kuwa viungo hivyo huleta utajiri. Na mwaka 2024 msiba huo ulirudi tena Kagera. Muuaji naye alikuwa ameitazama ngozi. Alisoma ndani yake mali.

Desturi hii ya kuusoma mwili kama barua ya uchawi au ya dhambi ni kongwe. Katika nchi hiyohiyo ya Usukuma, vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi ya ng'ombe waliyopikia miaka yote ya maisha yao. Kadhalika lilikuwako doa la Kaposi. Saratani hiyo, iliyoelezwa na daktari Moriz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, ilijulikana Afrika Mashariki kabla ya UKIMWI. Ilikuwa ikiwapata hasa wanaume watu wazima, miguuni. UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983, na madoa yale yakaonekana kwa vijana, doa likageuka hukumu ya uzinzi. Katika mambo yote matatu kosa ni moja: jicho limeshatoa hukumu kabla halijauliza swali.

Yuko atakayejitetea kwa ujinga. Atasema: mimi si daktari, nitajuaje? Utetezi huu una nguvu kidogo tu. Kujua jina la ugonjwa ni kazi ya daktari, tena hata yeye hawezi kulitaja kwa hakika mpaka amekata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka chini ya hadubini. Hilo halidaiwi kwa jirani. Linalodaiwa ni kujua kuwa kidonda kisichopona kwa majuma mengi, gaga gumu lirudilo kila libanduliwapo, uvimbe utokao damu bila kuumizwa, vyataka kuonwa na mwenye ujuzi. Tena wengi hudhani kuwa mtu mweusi amesalimika kabisa. Hakusalimika. Kuna saratani ya ngozi ipendayo nyayo na chini ya kucha, mahali pasipo na rangi nyingi, nayo haina haja na jua. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaica alikuwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Ilitambuliwa mwaka 1977, ikamwua mwaka 1981 ingali imo katika kilele cha sifa zake.

Utetezi wa pili ni mgumu zaidi, nao ni wa adabu. Sisi tumefundishwa kumsitiri mwenzetu. Kusema mbele ya watu juu ya mwili wa mtu ni utovu wa heshima, na mwenye ualbino, aliyesemwa tangu kuzaliwa, ana haki kuliko wote ya kuachwa apumzike. Baada ya mauaji yale, mgeni amwulizaye habari za ngozi yake humtia hofu, si faraja. Nakubali. Walakini sitara ni kufunika aibu, na kidonda si aibu. Tena adabu haikumfunga kila mtu kinywa. Ilichagua tu nani aseme. Shangazi asukaye nywele za mtoto huona utosi na nyuma ya masikio. Kinyozi, ambaye kwa desturi husema lolote juu ya siasa na mpira, hukishika kichwa cha mteja mikononi mwake na kukigeuza kwenye mwanga kila baada ya majuma machache. Hakuna daktari apataye nafasi kama hiyo. Mwalimu humwona mtoto siku tano katika juma. Hawa wakisema kwa sauti ya chini hawavunji heshima ya mtu.

Na mwalimu ana sehemu nyingine, iliyo mbali na kidonda, ambayo watu hawaifikirii. Ualbino hudhoofisha macho pia. Mtoto aliyeketi nyuma ya darasa haoni maandishi ya ubaoni. Hudhaniwa mzito wa akili, hushindwa mtihani, hutoka shule. Asiye na elimu apate kazi gani ufuoni mwa ziwa? Atalima, au ataanika dagaa. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, lakini mwanikaji huwageuza mchangani mchana kutwa, na kazi yake haifanyiki kivulini, maana jua ndilo mtaji wake. Baada ya miaka kumi au ishirini twamkuta Bugando. Saratani yake ilianzia kwenye dawati. Hata pale watoto walipokusanywa katika shule kama Mitindo ya Misungwi na Buhangija ya Shinyanga ili waokolewe na panga, ukuta uliomzuia muuaji haukuweza kuzuia jua. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga ngozi, kama yale yatengenezwayo Moshi katika hospitali ya KCMC, vilihitajika ndani ya ukuta kama vilivyohitajika nje.

Unabaki utetezi wa fedha, nao siwezi kuufanyia mzaha. Katika wale wagonjwa 64, sababu iliyotajwa zaidi ya kuchelewa ilikuwa ukosefu wa fedha, na 27 hawakumaliza matibabu kwa sababu hiyohiyo. Wagonjwa wa Kanda ya Ziwa waliohitaji mionzi, kabla Bugando haijapata mashine yake, walipelekwa Taasisi ya Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Kumwambia maskini kuwa ana ugonjwa asioweza kuulipia kwafanana na kumwonyesha mwenye kiu kisima kilichofungwa. Ndiyo maana neno la jirani halitoshi likiwa neno tupu. Aliyeona mapema, na akasema mapema, amesema juu ya jambo rahisi: gaga la jua lililo changa huunguzwa kwa naitrojeni iliyogandishwa hata ikawa maji, kazi ya dakika chache, na mgonjwa akarudi nyumbani siku ileile. Aliyenyamaza miaka miwili amemwachia nduguye kisu kikubwa cha usoni, kupandikizwa nyama, na majuma ya mionzi. Bei ya ukimya hulipwa na mwingine.

Na kama mwenye kidonda, akiisha kuambiwa, akakataa kwenda? Mtu mzima ni mwenye mwili wake, wala simpi jirani ruhusa ya kumburuta. Lakini wengi wahesabiwao kuwa wamekataa hawakukataa matibabu, walikataa giza. Hawakuambiwa umbali, wala gharama, wala kuwa ngozi hutiwa ganzi kabla ya kukatwa, wala kuwa mwili huweza kupona kabisa ugonjwa ukikamatwa mapema. Akiisha kuyajua hayo, na nauli ya meli imo mkononi mwake, na yuko wa kumlindia mtoto na shamba mpaka arudi, akasema hataki, hapo jirani hana la kuongeza.